Mkate wa kumimina uliogoma South C

Wifi yangu alinipigia simu Jumamosi moja ya Julai 2025, saa tano asubuhi, sauti imemkauka. "Wifi, mkate umelala tena."

Sikuuliza mkate gani. Tangu mwisho wa Mei nilikuwa nimeusikia msiba huo mara nne, na mara moja niliula, kwa adabu tu, nikiusukuma kwa chai. Kitu kizito, cheupe, chini kimeshikana kama ubwabwa uliolala, juu vitundu viwili vitatu vya kuhesabika. Kaka yangu alikula kipande chake chote bila kusema neno, jambo ambalo mke yeyote anajua maana yake.

Nimeamua kukiandika kisa chote, pamoja na ushauri mbaya niliotoa mimi mwenyewe, kwa sababu tulichokuwa tukikitafuta madukani kwa miezi miwili kilikuwa kimetuzunguka muda wote.

Mwenye kisa ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Alihamia Nairobi Januari 2025, kaka yangu alipopata kazi huku, na akaja kama anayekwenda jangwani: mfuko wa mchele wa mapembe, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, iliki ya kutosha harusi, na sufuria yake ya mkate ambayo haruhusu mtu aipikie kitu kingine. Wakapanga ghorofa ya nne, South C, nyumba nzuri, jiko lina dirisha kubwa linalotazama kusini. Dirisha hilo lishike, tutalirudia.

Kwa msomaji wa bara asiyeujua mkate wenyewe: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito mpaka uwe rojo laini, unatiwa hamira, sukari na iliki, kisha unaachwa uumuke. Ukishajaa mapovu unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Moto wa chini mdogo, na juu ya mfuniko makaa. Ukikatwa unaonyesha vitundu vingi kama sega la nyuki, na ukiubonyeza kwa kidole unarudi. Ngano haimo hata kijiko, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Unga wa ngano una gluteni, utando unaonyumbulika na kuibana hewa ndani. Mwandazi ukikosea kidogo, unga huo hukusamehe. Mchele hauna utando huo. Hewa ya hamira inashikwa na uzito wa rojo tu, basi, mpaka moto uuivishe wanga na kuugandisha mkate ukiwa umesimama. Muda wa kufanya mambo sawasawa ni mfupi.

Ramadhani ya Machi mkate ulitoka vizuri. Si vizuri tu. Majirani walianza kutuma watoto na sahani zilizofunikwa, kwa kisingizio cha kuleta sambusa. Kisha, mwishoni mwa Mei, mambo mawili yakatokea ndani ya wiki moja: mchele wa mapembe ukaisha, na baridi ikaingia. Lile la kwanza tuliliona, kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu. La pili hatukulihesabu. Baridi ya Nairobi ni jambo la kuvalia sweta. Nani anaipeleka jikoni?

Mshtakiwa wa kwanza akawa mchele. Wifi alinunua Pishori ya Mwea, mchele unaolimwa Kirinyaga, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa, wenye harufu inayotangulia mpishi mezani. Mkate ukalala. Hukumu ikatoka siku hiyohiyo: mchele wa huku haufai. Akampigia mama yake, mama akafunga kilo 10 za mapembe, zikavuka bahari hadi Dar es Salaam, zikapanda basi la Namanga, na nauli ya kifurushi ikakaribia bei ya mchele wenyewe. Ulipofika, wifi aliuloweka usiku uleule.

Mkate ukalala.

Mtu mwenye kupima mambo angemwachilia Pishori huru hapo hapo. Mchele umebadilishwa, ugonjwa umebaki. Basi ugonjwa si mchele. Sisi hatukufanya hivyo. Wifi alisema mapembe umepata unyevu njiani. Mimi, badala ya kumzuia, nikamsaidia kutafuta mshtakiwa mwingine: nikasema hamira imekufa, anunue nyingine, na kwa usalama aongeze. Kwa vikombe viwili vya mchele alikuwa akitia kijiko cha chai kimoja. Akatia viwili, halafu vitatu. Nikaongeza tena ushauri wa pili, wa baking poda, ambao ulitupa mkate uliolala na wenye ladha ya dawa. Huo sitaki kuuzungumzia zaidi.

Baada ya hapo ikaja zamu ya nazi. Wifi hununua nazi soko la City Park, Parklands, kwa mama mmoja anayezipanga karibu na kisamvu. Alizikuna mwenyewe, akakamua tui mwenyewe, akalihifadhi kwenye friji usiku ili asubuhi asage. Na kila alipofunua rojo, aliona chenga nyeupe zinaelea, ngumu, zinazoteleza kati ya vidole. Kwao hajawahi kuona kitu hicho. Siku moja alikwenda na kopo la chenga zenyewe hadi kwa yule mama na kumuuliza mbele ya watu hii nazi wameitia nini. Mama wa watu akamwambia nazi haitiwi kitu, nazi inatoka mtini. Waliachana vibaya.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipoondoka kwangu Pumwani Jumamosi ile, sweta juu ya buibui, manyunyu yasiyolowesha wala kukauka. Niliapa kwamba leo sitatoa ushauri kabla ya kutazama.

Sufuria ilikuwa juu ya meza ya jiko, imefunikwa kanga. Nilifunua. Rojo lilikuwa jeupe, tulivu, limenyamaza. Rojo linaloumuka lina sauti, ukitega sikio karibu utasikia vipovu vinapasuka kama mvua ya mbali. Hili halikusema kitu. Harufu ya iliki ipo, harufu ya hamira hakuna. Na chenga zile juu. "Tazama mwenyewe, wifi. Nta hii. Si nta hii?"

Nilikuwa bado nimeikodolea macho hiyo nta, mpwa wangu akaingia na kitana. Alitaka kusukwa. "Shangazi, mama alisema utanisuka wewe." Mama yake akaenda chumbani, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi ya nywele, akaifungulia bomba la maji moto juu yake, anaigeuza, anaitikisa. Ndani ya chupa mafuta yalikuwa meupe, magumu, kama mshumaa.

"Wifi, hayo mafuta Unguja huganda?"

"Labda alfajiri ya Julai hufanya ukungu kidogo. Kuwa jiwe namna hii, sijaona."

Alipomaliza kusema, mkono wake ukasimama chini ya bomba. Akaitazama chupa, akaitazama sufuria. Sikuhitaji kuongeza neno.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Zile chenga zilikuwa mafuta ya tui lake mwenyewe, yaliyogandia kwenye friji na hayakupata sababu ya kuyeyuka mezani. Nazi ya City Park haikuwa na kosa. Na kama mafuta yameganda chumbani, chupani, bila friji, basi nyumba nzima iko chini ya nyuzi 24, na hamira iliyomo kwenye rojo baridi iko chini zaidi.

Wifi alikimbilia kipimajoto cha homa cha mtoto. Akakichovya kwenye rojo; kikaandika "Lo", kwa sababu vipimajoto vya homa havishuki hadi huko. Tulicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikampigia jirani wa chini, Msomali, anayegandisha mtindi wake mwenyewe, akatuletea kipimajoto cha jikoni. Hewa ya jiko: 18. Rojo: 15.

Hapa inabidi nieleze dirisha. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama: Januari linapita upande wetu wa kusini, Julai linapita kaskazini. Jiko linalotazama kusini hupata jua mwanzoni mwa mwaka na kukosa kabisa katikati ya mwaka. Wifi aliipanga nyumba Januari, akaona jiko lenye mwanga na joto, akapika Ramadhani nzima humo. Hakujua kwamba kuanzia Juni ukuta ule utakaa kivulini mchana kutwa, katika mji ulio mita 1,795 juu ya bahari, ambako alfajiri ya Julai ni nyuzi 12 hivi na kuna michana ya mawingu isiyofika 20. Aliyehama, kwa hakika, ni jua.

Hata hivyo sikutaka tuhukumu tena kwa kudhania, kwa vile nilikuwa nimeshaaibika na baking poda. Tulikuwa na mchele wa aina mbili uliolowekwa, kwa kuwa wifi alikuwa ameloweka wote kwa kukata tamaa. Tukasaga kila mmoja peke yake, tui lile lile, hamira ile ile kwa kipimo kimoja, tukamimina kwenye glasi nne: mbili za Pishori, mbili za mapembe. Kila glasi tukaivisha mpira mwembamba pale rojo lilipofikia. Moja ya kila aina ikabaki mezani. Nyingine mbili zikaingia kwenye oveni iliyozimwa, pamoja na sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka, mlango ukafungwa. Kipimajoto ndani kilisimama kwenye 31, na kila kilipoanza kushuka tulibadilisha maji.

Baada ya saa moja na dakika 20, glasi zote mbili za ndani zilikuwa zimeupita mpira kwa vidole viwili, zimejaa povu, zinanukia. Za mezani, zote mbili, zilikuwa palepale. Pishori na mapembe walikwenda pamoja kama mapacha: penye joto wote juu, penye baridi wote chini.

Wifi alitaka kuzimwaga za mezani. Nikamzuia, tuziache tuone. Zilianza kusogea baada ya saa nne, na asubuhi ya Jumapili, kaka akanipigia yeye mwenyewe, zilikuwa zimejaa juu ila zimechachuka, zina ukali wa togwa iliyozidi siku. Kwa hiyo baridi haikuwa imeiua hamira. Hamira ni kitu hai. Kwenye nyuzi 30 na zaidi kidogo hufanya kazi kwa furaha, chini ya 20 hutambaa. Mama mkwe wa kaka yangu, kwa simu, alikuwa amesema kila mara: "Uache saa nzima, mwanangu, usiwe na pupa." Alisema kweli. Ila saa yake ilikuwa saa ya Unguja.

Jirani wa Kisomali, alipokuja kuchukua kipimajoto, alituangalia na glasi zetu kwa huruma. Kwao ni Mogadishu, mji wa bahari kama Unguja, na rojo lake la canjeero, mkate mwembamba wa Kisomali, lilimgomea vivyo hivyo alipofika Nairobi. Siku hizi hulifunga sufuria blanketi na kulilaza karibu na friji, nyuma, pale penye joto la mota. "Mngeniuliza," akasema. Kweli, tungemuuliza. Wahabeshi wa Eastleigh, nao, hawana kilio hiki: Addis Ababa iko juu kuliko Nairobi, na rojo la injera, mkate wao, limezoea kukaa siku kadhaa kwenye ubaridi wa mlimani. Wanaoteseka huku ni sisi tuliojifunza kupika usawa wa bahari.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Wifi naye alidhani hivyo. Jumapili jioni alisaga rojo jipya, akaliweka kwenye oveni yenye maji moto, likaumuka mpaka likamwagikia pembeni, akamimina kwenye sufuria, akafunika. Kwa sauti ya spika ya simu nilisikia shangwe: umepanda, umepanda, umegusa mfuniko! Kisha kimya. Kisha: "Wifi. Umezama."

Pembeni ulisimama, katikati ukaingia ndani kama sahani ya supu.

Ugonjwa huu wa pili tuliuleta wenyewe kwa kutibu wa kwanza. Wifi alikuwa bado anatia vijiko vitatu vya hamira, kipimo tulichokifikia wakati wa baridi, wakati hamira ilikuwa imelala. Sasa ameipa joto, na yote imeamka kwa pamoja. Juu ya hapo kuna mwinuko wa Nairobi. Huku hewa inakandamiza kwa kiasi cha asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo povu lilelile hufura kwa takriban robo zaidi. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, mvuke hutoka mapema. Rojo linapanda haraka kuliko wanga unavyowahi kuiva na kushika. Povu linapasuka kabla mkate haujapata mifupa. Kwa keki ya ngano ungeona mpasuko kidogo tu. Kwa mchele, usio na utando, paa lote linaanguka.

Mwinuko huo ulikuwepo Machi pia, wifi akanikumbusha, na mkate haukuzama. Ndiyo, kwa sababu Machi alitia kijiko kimoja, na hakungoja mpaka limwagike. Alikuwa ndani ya ule muda mfupi kwa bahati, kisha tukautoa mkate nje ya muda huo kwa mikono yetu miwili, wake na wangu.

Ilituchukua mikate mitatu. Wa kwanza tulipunguza hamira tu, ukazama kidogo. Wa pili tukapunguza pia maji, rojo likawa zito kiasi cha kujikunja linapomiminwa, ukasimama lakini ukawa mkavu. Wa tatu ndio wenyewe: hamira kijiko cha chai kasoro robo kwa vikombe viwili vya mchele, tui likamuliwe kwa maji ya vuguvugu na lisiione friji, rojo litolewe kwenye joto likiwa limepanda nusu, si mara mbili, na sufuria iwe moto zaidi mwanzoni, kwa dakika mbili, ndipo moto ushushwe kabisa. Ukimimina, ukingo unapogusa mafuta lazima useme "shhh" na vitundu vianze kufunguka palepale, kutoka pembeni kuja katikati. Usiposema, ondoa, ngoja.

Uso wa juu ulibaki na tatizo lake. Oveni ya wifi ina moto wa chini peke yake, na mwenye nyumba amekataza mkaa. Wifi alikuwa amenong'ona, siku za mwanzo, kwamba angewasha jiko la mkaa usiku, madirisha yamefungwa, lipashe jikoni na kuoka juu ya mkate kwa pamoja. Hapo nilikuwa mkali, na ni ushauri pekee wa miezi ile ninaojivunia. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia ya watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Tulichofanya ni kuchukua kikaango kizito cha chapati, kukipasha mpaka kikatoa moshi, na kukifunika kifudifudi juu ya sufuria kwa dakika tano. Juu ukapata wekundu wa madoa madoa. Wifi anasema si sawa na makaa. Si sawa, lakini unapendeza.

Kuhusu mchele, baada ya kesi yote hiyo, Pishori aliachiliwa kwa masharti. Kaka anaupenda mkate wake. Wifi anasema unanukia pilau, harufu ya mchele inagombana na iliki, na katika hilo namuunga mkono. Kilo saba za mapembe zilizosafiri kutoka Unguja bado zipo, zinapikwa mkate wa Ijumaa tu.

City Park alikwenda peke yake. Hakuniambia alisema nini, na nadhani hakusema kitu. Wifi yangu si mtu wa kuomba radhi kwa maneno. Alinunua nazi nne bila kushindana bei. Aliporudi nyumbani na kuzihesabu zilikuwa tano.

Chupa ya mafuta ya nywele sasa inakaa jikoni, kati ya hamira na chumvi. Asubuhi wifi huitikisa kabla hajasaga. Mafuta yakicheza, sufuria inabaki mezani na kanga yake. Yakiwa yameganda, anachemsha maji ya oveni. Na mpwa wangu, akitaka kusukwa, anajua pa kuyatafuta.